Barabara Isiyo Barabara

Neno barabara katika lugha yetu lina maana mbili. Maana ya kwanza ni njia kuu, pana, iliyotengenezwa kwa ajili ya watu na vyombo vyao. Maana ya pili ni sawasawa, bila ya kasoro, kama ipasavyo. Maana hizi mbili kukaa ndani ya neno moja ni fundisho kwa mwenye kutafakari. Njia kuu haistahili jina lake mpaka iwe sawasawa kwa wote waipitao. Njia iliyo laini kwa mmoja na ngumu kwa mwingine ni njia, lakini bado si barabara.

Katika insha hii naishitaki barabara moja fupi ya Kaunti ya Kwale, nayo ni ile ya pwani ya Diani. Siilaumu lami yake, wala siwalaumu mafundi walioimwaga. Shitaka langu ni juu ya mapito yake: mahali ilipopelekwa na mahali ilipokataa kufika. Watu wengi hudhani kuwa mapito ya barabara ni shauri la wapima ardhi peke yao, na kwamba raia hana la kusema ila kushukuru akiona katapila limefika. Si hivyo. Kila mstari wa barabara katika ramani ni hukumu. Huamua nani afike upesi na nani achelewe, nani apite kivulini na nani atembee juani, nani ahesabiwe mwenyeji na nani ahesabiwe mpita njia. Hukumu iliyotolewa bila ya kuwasikiliza wahusika hukatiwa rufani. Insha hii ni rufani hiyo.

Kwanza na tuitazame barabara yenyewe. Mtu atokaye Mombasa kwenda kusini huvuka maji ya Likoni kwa feri, au huizunguka bandari kwa njia mpya ya Dongo Kundu, kisha hushika barabara kuu iendayo Lunga Lunga na mpaka wa Tanzania. Hupita Waa, Kombani na Tiwi, akafika Ukunda. Barabara kuu hiyo huifuata bahari kwa mbali, wala haiisogelei. Pale Ukunda hutoka tawi upande wa kushoto, likaelekea mashariki. Tawi hili si refu. Baada ya kilomita chache hukaribia ufuo, na hapo, badala ya kuendelea mpaka majini, hugawanyika kama herufi T. Mkono mmoja hwenda kaskazini, upande wa mlango wa Mto Mwachema na msikiti wa kale wa Kongo. Mkono wa pili hwenda kusini, upande wa Galu na Kinondo. Mikono hii miwili ndiyo barabara ya pwani ya Diani.

Ajabu yake ni hii: barabara hii inaitwa ya pwani, imetanda kando ya ufuo wenye urefu wa zaidi ya kilomita 10, lakini asafiriye juu yake haioni bahari. Anachokiona ni kuta na malango. Baina ya lami na mchanga mna hoteli, majumba ya kupanga, mabustani na viwanja vilivyozungushiwa ua. Bahari iko hatua mia chache tu, na mvumo wake husikika usiku, lakini kuifikia ni lazima mtu apite katika lango la mwingine. Kwa mgeni aliyelipia chumba, kila lango ni mlango. Kwa mtoto wa Ukunda, kila lango ni ukuta wenye bawaba.

Najua kwamba ziko njia za umma ziteremkazo ufuoni. Lakini ni chache, baadhi yake ni nyembamba, na malalamiko kwamba nyingine zimebanwa au kufungwa yamesikika katika pwani hii kwa miaka mingi. Mtu asiyejua mahali njia ilipo, na asiyekuta hata kibao cha kumwelekeza, ni sawa na mtu asiye na njia. Basi barabara iliyopaswa kuwapeleka watu baharini imekuwa mpaka wa kuwatenga nayo.

Je, ni nani wanaoihitaji bahari? Wako wanaodhani kuwa bahari ni mandhari, kitu cha kutazamwa kutoka kitini. Kwa watu wa Diani bahari ni shamba. Mvuvi ana diko lake, yaani mahali pa kupandishia chombo na kuteremshia samaki. Madiko kama Mwaepe, Mvuleni na Mwanyaza yalikuwa na kazi kabla hoteli hazijajengwa, na yangali na kazi hata sasa. Mvuvi hachagui saa yake. Maji yakipwa alfajiri, hana budi kuwa pale alfajiri, amebeba kafi, nyavu na malema. Kusi likivuma na bahari ikachafuka, huenda akakaa siku kadhaa bila ya kutoka, na siku moja ya utulivu ikawa ndiyo riziki ya juma zima. Kumwambia mtu huyu azunguke mbali kwa sababu njia ya jadi imezibwa ni kumpunguzia chakula mezani.

Baada ya mvuvi yuko mama karanga. Huyu ndiye mwanamke anunuaye samaki dikoni, akawapara, akawakaanga na kuwauza kijijini. Samaki hana subira. Jua likipanda huharibika, na hasara yake humwangukia mama huyu, si mwenye ukuta. Wako pia wanawake watokao wakati wa bamvua, maji yapwapo mbali, kwenda miambani kutafuta pweza. Wako wazee waendao kusali Kongo. Wako watoto waliozaliwa umbali wa mwendo wa nusu saa kutoka baharini, nao wanakua wasijue kuogelea. Ni msiba wa namna gani mtoto wa pwani kuiogopa bahari kama mtoto wa jangwani?

Lakini hata mtu asiye na haja ya bahari ana lawama yake juu ya barabara hii. Wafanyakazi wa hoteli hutoka Ukunda, Mwabungo na vijiji vya ndani. Zamu zao huanza kabla ya jua na kwisha baada ya giza. Wenye nauli hupanda matatu, tuktuk au bodaboda. Wasio na nauli huenda kwa miguu, ukingoni mwa lami, magari yakiwapuliza upepo wa mauti mabegani. Walioipima njia hii walimfikiria mwenye gari; mwenye miguu waliachiwa Mungu.

Hapa lipo jambo linalostahili kusimuliwa kwa heshima, ijapokuwa linauma. Katika miti ya Diani huishi mbega, wanyama wazuri wenye manyoya meusi na meupe. Barabara ilipoukata msitu wao, walilazimika kushuka chini ili wavuke, na wengi waligongwa na magari. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 wapenda wanyama wametandika ngazi za kamba juu ya barabara, kutoka mti hadi mti, na mbega huvuka juu yake kwa salama. Kazi hii ni njema, nami naisifu. Walioifanya walijiuliza swali ambalo wapimaji hawakujiuliza: kiumbe huyu alikuwa akipita wapi kabla hatujaja? Wakaitazama njia yake ya asili, wakamrudishia. Nataka swali hilohilo liulizwe juu ya mvuvi, mama karanga na mwanafunzi. Haiwezekani mbega awe na haki ya njia yake ya jadi, na binadamu aliyezaliwa chini ya mti uleule asiwe nayo.

Ukuta huu haukuota kama uyoga, una historia. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga Sheria ya Hati za Ardhi, ikawataka watu wa pwani wadai ardhi zao na kuthibitisha madai hayo mbele ya wakubwa. Ardhi isiyothibitishwa ilihesabiwa kuwa mali ya Taji la Uingereza. Lakini ardhi ya Wadigo ilikuwa ya ukoo. Ushahidi wake ulikuwa minazi, makaburi na kaya, si karatasi. Aliyekuwa na karatasi alipewa, na aliyekuwa na makaburi ya babu zake akaambiwa hana kitu. Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, mzizi wa jambo hili haukung'olewa. Katika miaka ya 1970 hoteli ziliongezeka kwa kasi, viwanja vya ufuoni vikawa dhahabu, na vingi viliingia mikononi mwa watu wa mbali waliokuwa karibu na wenye madaraka. Barabara ikapitishwa nyuma ya viwanja hivyo, kwa kuwa ilikusudiwa kuvihudumia. Dau la mnyonge haliendi joshi; na katika Diani hata pwani ya kulitia nanga ilianza kuwa haba.

Sasa na tuzisikilize hoja za wale wasiopenda njia zifunguliwe, maana si uungwana kumshinda mtu kwa kumziba mdomo.

Hoja ya kwanza husema kuwa utalii ni chakula chetu, na kwamba mgeni hutaka faragha. Kweli, hoteli zimeajiri wapishi, watandikaji, watunza bustani, madereva na walinzi, na hakuna mtu mwenye akili anayetaka zifungwe. Lakini utalii ni mti unaotikiswa na upepo wa mbali. Machafuko ya Likoni ya Agosti 1997 yaliwafukuza wageni. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliwafukuza tena. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulifunga hoteli, na maelfu wakarudi makwao bila ya mshahara. Nyakati hizo watu walikwenda wapi? Wengine walirudi shambani, wengine walirudi baharini. Basi ni ujinga kuziba mlango wa ghala kwa sababu duka la jirani linauza vizuri leo. Tena mgeni aliyesafiri maelfu ya kilomita kuja Diani hakuja kuona mchanga mtupu. Mchanga uko kwingi duniani. Kitu kisichopatikana kwingine ni watu wa hapa na maisha yao.

Hoja ya pili ni ya hatimiliki. Husemwa: kiwanja ni changu, nimekinunua, ninayo karatasi. Simwiti mnunuzi yeyote mwizi. Wengi walitoa fedha zao halali. Lakini hati huishia mahali sheria inapoishia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 62, inahesabu ardhi yote iliyo baina ya maji yanapojaa na yanapokupwa kuwa ardhi ya umma. Kifungu hichohicho kinahesabu barabara na njia zilizowekwa kwa sheria ya Bunge kuwa ardhi ya umma. Basi ufuo ni wetu sote, na njia iliyotengwa ni yetu sote. Kuwa na ufuo usiofikika ni kama kuwa na nyumba iliyofungwa na ufunguo uko kwa jirani. Na tukumbuke kuwa tume ya Ndung'u, iliyotoa taarifa yake mwaka 2004, ilionyesha jinsi ardhi ya umma nchini, pamoja na ardhi iliyotengewa barabara, ilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria. Hati si aya isiyohojiwa.

Wala wazo hili si geni duniani. Sheria ya Kirumi iliyokusanywa kwa amri ya Mfalme Justinian, na kutangazwa mwaka 533, ilitamka kuwa hewa, maji yatiririkayo, bahari na fuo zake ni vya watu wote. Katika jimbo la California nchini Marekani, nchi ambayo hakuna awezaye kusema kuwa haijali mali ya mtu binafsi, sheria ya pwani ya mwaka 1976 inalinda haki ya umma ya kuufikia ufuo. Ikiwa matajiri wa California wanaweza kuishi na njia kando ya ua wao, wa Diani wanaweza pia.

Hoja ya tatu ni usalama. Husemwa kuwa njia zikifunguliwa wezi watapita, na wachuuzi watawasumbua wageni. Nauliza: mwizi hupenda njia ya namna gani? Hupenda kichochoro kilichosahauliwa, chenye giza, kisichopitwa na watu. Njia pana yenye taa, ipitwayo na wavuvi alfajiri, wanafunzi mchana na familia jioni, hulindwa na macho ya wapitao. Na mchuuzi apewe mahali pake na utaratibu wake; asihesabiwe mhalifu kwa kuuza madafu katika nchi ya minazi.

Hoja ya nne naiheshimu kuliko zote, nayo ni ya msitu. Husemwa kuwa kila njia mpya ni miti iliyokatwa. Lakini wazee wa kaya walilijibu jambo hili kabla yetu. Kaya Kinondo, iliyo upande wa kusini wa barabara hii, ni miongoni mwa misitu mitakatifu ya Mijikenda iliyotiwa katika Urithi wa Dunia na UNESCO mwaka 2008. Mgeni huingia humo akiongozwa na mwenyeji, amejifunga kaniki, akafuata njia aliyoonyeshwa, wala hang'oi hata jani. Msitu umekaa na njia imekaa. Shoka ndilo liliharibulo msitu, na kwa upande wa pwani shoka kubwa limekuwa ujenzi, si nyayo za mvuvi.

Hoja zimekwisha, sasa nieleze ninachotaka. Sitaki barabara ihamishwe, wala nyumba ya mtu ivunjwe. Nataka mapito yake yakamilishwe. Barabara ya pwani haifai kuwa kama fimbo iliyolazwa kando ya bahari. Yafaa iwe kama mfupa wa samaki: uti mmoja mrefu, na miiba itokayo kwake kwenda majini, kila mmoja ukifika dikoni au ufuoni.

Ili jambo hili litimie, mambo matatu yatosha. La kwanza, kila njia ya umma iliyomo katika ramani za serikali itafutwe kwenye ardhi, iwekewe alama za mipaka na kibao chenye jina lake, na iliyozibwa izibuliwe kwa njia ya sheria. La pili, pembeni mwa lami pawe na njia ya miguu, yenye vivuko mbele ya shule na vituo vya matatu. La tatu, kila mpango wa kuipanua au kuitengeneza barabara hii uanze kwa kuwahesabu waendao kwa miguu, si magari pekee. Katika mambo haya hakuna hata moja linalohitaji hazina ya Nabii Suleimani. Yanahitaji ushujaa wa wenye madaraka, na huo haupatikani mpaka raia wauulize.

Na raia hao ni pamoja na ninyi mnaosoma. Msiseme kuwa ninyi ni wanafunzi, hamna sauti. Katiba inautaja ushirikishwaji wa wananchi, katika kifungu cha 10, kuwa mojawapo ya maadili ya taifa. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na sheria ya mwaka 2016 imeeleza jinsi ya kuziomba. Kifungu cha 37 kinaruhusu kupeleka maombi kwa mamlaka za umma. Ramani ya pwani yenu, basi, si siri. Iombeni, isomeni, kisha tembeeni nayo. Pale ramani ionyeshapo njia nanyi mkakuta ukuta, andikeni mahali hapo na tarehe, mkapeleke maandishi hayo kwa mwakilishi wenu wa wadi na kwa afisi ya ardhi. Somo la jiografia litakuwa limefanya kazi yake.

Hili halihusu Diani peke yake. Kusini zaidi, kuanzia Gazi hadi Msambweni na Shimoni, ziko fuo ambazo bado hazijazungushiwa kuta. Lami itafika huko kote siku moja, na inafaa ifike. Pamoja nayo watafika wanunuzi wa viwanja. Kama njia za kwenda madikoni zitapimwa na kuwekewa alama kabla ya lami, mvuvi na mwenye hoteli wataishi kama majirani. Kama zitaachwa mpaka baada ya lami, tutaandika shitaka hili upya katika kila kijiji, kwa wino uleule na machozi yaleyale. Kinga ni bora kuliko tiba, na alama ya mpaka ni rahisi kuliko kesi.

Mwenye kuijenga njia amefanya wema. Lakini wema wake haujatimia mpaka mtu wa mwisho kabisa, yule aendaye peku na kapu la samaki kichwani, aifuate njia hiyo na kufika anakokwenda. Siku hiyo ndipo barabara ya pwani ya Diani itakapokuwa barabara kwa maana zake zote mbili.